Din Muhammad, Mkandaji wa Wafalme Wawili

Safari ya basi kutoka Mombasa hadi Kitale si ya mchezo kwa mtu aliyekwisha kuvuka miaka hamsini. Mwandishi wa makala haya aliifunga safari hiyo kwa ajili ya harusi ya jamaa, akakesha njiani ameketi kama aliyefungwa kamba, na asubuhi alipotaka kushuka, kiuno kilikataa. Mgongo ulikuwa umekaza kuanzia mabegani hadi nyongani, na kila hatua ilikuwa na kilio chake. Mwenyeji wangu, mkaazi wa siku nyingi wa Kitale, hakunipeleka dukani kununua vidonge. Alinishika mkono akanipeleka Kipsongo.

Kipsongo ni mtaa wa wanyonge ulio kando ya mji wa Kitale. Wakaazi wake wengi asili yao ni Waturkana, watu waliosukumwa na ukame na kupotelewa na mifugo huko kaskazini, wakateremka kutafuta riziki katika nchi hii ya mahindi. Na riziki yenyewe ni ya mgongo: kupakia na kupakua magunia, kulima kibarua katika mashamba ya watu, kuokota vyuma vikuukuu na kuviuza. Ndani ya mtaa huo tulimkuta mzee mmoja ambaye zamani alikuwa mchukuzi, na sasa, nguvu zilipompungukia, amekuwa mkandaji wa wachukuzi wenzake. Alinilaza kifudifudi juu ya gunia lililokunjuliwa, akaweka kitambaa cha maji ya moto mgongoni, akasubiri nyama zilegee, kisha akatia mafuta viganjani akaanza kazi. Vidole vyake vilikuwa na macho. Vilipita pale pasipouma bila ya kusita, na vilipofika kwenye fundo vilisimama vikalifanyia kazi kwa subira mpaka likaachia. Nilipoinuka nilikuwa mtu mwengine.

Ujira alioutaka ulikuwa mdogo hata nikaona haya kuutoa. Nikamuuliza ilmu ile aliipata wapi, akanitazama kwa mshangao, kwani kwa umri wake wote hapana aliyepata kumuuliza. Na hapo, katika kibanda cha duka kilichokuwa mkabala wa mlango wake, niliona chupa za shampuu zimepangwa rafuni. Nikacheka peke yangu. Mzee yule hakujua kwamba neno lile lililoandikwa kwenye chupa ni jina la kazi yake yeye, wala hakujua kwamba kazi hiyo hiyo ilimpeleka mwana wa Kiislamu kutoka Bara Hindi hadi kuyagusa maungo ya mfalme wa Uingereza. Hikaya ya mtu huyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia leo.

MTOTO WA PATNA

Jina lake lilikuwa Din Muhammad. Waingereza, ambao ndimi zao ni nzito kwa majina ya watu, walimwandika Dean Mahomed, na baadaye wakamtangulizia neno Sake, ambalo si jengine ila ni Shekhe lililoharibiwa njiani. Alizaliwa mwaka 1759 katika mji wa Patna, ukingoni mwa mto Ganges, katika jamaa ya Waislamu iliyojinasibisha na Manawabu wa Bengali. Wakati huo Kampuni ya Waingereza ya Mashariki ya Hindi ilikuwa imekwisha kushinda vita vya Plassey miaka miwili kabla, mwaka 1757, na nchi ilikuwa ikimtoka mwenyewe kidogo kidogo. Waungwana wengi waliokuwa wakimtumikia Nawabu walijikuta hawana budi kuitumikia Kampuni. Baba yake Din Muhammad alikuwa mmoja wao. Aliingia katika jeshi la Kampuni, na katika jeshi hilo akauawa vitani mtoto wake akiwa na umri wa miaka kama kumi.

Yatima huyo aliwapenda askari kwa mavazi yao na ngoma zao, kama watoto wote. Mwaka 1769 alimfuata afisa mmoja kijana aliyeitwa Godfrey Evan Baker, mwenyeji wa mji wa Cork huko Ireland, akawa mfuasi wake kambini. Mama mtu hakupenda, lakini kijana hakurudi nyuma. Akakulia jeshini, akazunguka na kambi kutoka mji hadi mji, akajifunza mambo ya Wazungu na lugha yao, akapanda daraja moja baada ya nyengine hadi kufikia cheo cha subedari, ambacho kilikuwa miongoni mwa vyeo vya juu alivyoweza kupewa Mhindi. Mwaka 1781 alikuwa miongoni mwa majeshi yaliyotumwa kuyazima maasi ya Raja Chait Singh wa Benares.

Hapa, msomaji, tusipite kwa haraka. Kijana ambaye baba yake aliuawa akiitumikia Kampuni, naye aliishika bunduki ya Kampuni hiyo hiyo juu ya watu wa nchi yake. Zama zilikuwa ngumu, na mwenye njaa hachagui bwana. Lakini jambo hilo laonyesha mapema tabia ya mtu huyu ambayo itaonekana katika umri wake wote: maji yalipopwa alipwa nayo, na yalipojaa alijaa nayo.

NG'AMBO YA MAJI

Mwaka 1782 Baker aliacha jeshi, na Din Muhammad akaacha pamoja naye. Wakapanda jahazi la Wazungu, na mwaka 1784 wakafika Cork. Din Muhammad alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano. Aliingia shuleni kukitengeneza Kiingereza chake, na huko akakutana na msichana wa Kiairishi, Jane Daly. Jamaa za binti hawakuridhia. Mwaka 1786 wawili hao wakatoroka wakaoana.

Na hapa ndipo palipo na uzito wa hikaya hii kwetu sisi. Sheria ya nchi ile wakati ule haikumruhusu Mprotestanti kuolewa na asiyekuwa wa dini yake. Din Muhammad alibatizwa katika kanisa la Kiingereza. Kuanzia hapo hadi kufa kwake alihesabika katika watu wa kanisa, na watoto wake wakalelewa humo. Mwandishi huyu hatalificha jambo hilo kwa ajili ya kuipamba hikaya, wala hatamkalia mtu kitako cha kumhukumu, kwani yaliyo nyoyoni anayajua Mwenyezi Mungu peke yake. Ila itoshe kusema kwamba aliliacha alilozaliwa nalo, na jina la Mtume likabaki juu yake kama muhuri usiofutika. Hakulibadilisha. Wazungu wengi katika hali yake wangemshauri ajiite Smith au Brown. Yeye alikuwa Muhammad mbele ya kasisi, Muhammad mbele ya hakimu, Muhammad mbele ya mfalme, na Muhammad ndilo lililoandikwa juu ya mlango wake.

Mwaka 1794, akiwa Cork, alichapisha kitabu cha safari zake katika majuzuu mawili. Kilikuwa kitabu cha kwanza kupata kuandikwa na kuchapishwa kwa Kiingereza na mtu wa Bara Hindi. Alikiandika kwa mtindo wa barua kwa rafiki, akaeleza miji ya nchi yake, vita alivyoviona, na desturi za Waislamu katika tohara, ndoa na mazishi. Asomaye kitabu hicho haoni dharau kwa watu alioachana nao. Aliwaeleza kwa heshima, kama mtoto anavyowaeleza wazee wake mbele ya wageni.

Mwaka 1799 msafiri mmoja Mwislamu kutoka Lucknow, Mirza Abu Talib Khan, alipita Cork katika safari yake ya Ulaya. Akakutana naye, akawaona mke na watoto wake, na akaandika habari zake kwa Kiajemi. Ninapenda kuwaza mkutano huo wa watu wawili wa asili moja katika mji wa mvua na ukungu: mmoja amepita tu na atarudi kwao, na mwengine amekwisha kutia nanga isiyong'oka. Ni salamu gani waliyoamkiana, hapana ajuaye.

MLO, DENI NA MITAA YA LONDON

Yapata mwaka 1807 Din Muhammad alihamia London na aila yake. Huko alikuwapo tajiri mmoja wa Kiskoti, Basil Cochrane, aliyechuma mali Bara Hindi, na ambaye katika jumba lake la Portman Square aliweka bafu la mvuke kwa ajili ya wagonjwa. Din Muhammad akafanya kazi hapo, na katika mvuke ule akaongeza jambo moja alilokuja nalo kutoka kwao: kukanda. Kwa Kihindi kitenzi cha kubinya na kukanda maungo ni champna, na anayeamrishwa akande huambiwa champo. Waingereza walikuwa wamekwisha kulisikia neno hilo wakaligeuza kuwa shampoo. Wakati huo halikuwa na maana ya sabuni ya nywele hata kidogo. Maana hiyo ilikuja baadaye, katika karne hiyo hiyo ya kumi na tisa, kwa sababu vinyozi wa Kihindi walikuwa wakikanda na kichwa. Ndiyo maana nilicheka pale Kipsongo.

Lakini kukanda hakukumpa utajiri mara moja. Mwaka 1810 alifungua mkahawa karibu na Portman Square, mkahawa wa kwanza wa vyakula vya Kihindi kumilikiwa na Mhindi katika mji wa London. Alipika pilau na michuzi ya viungo, akaweka viti vya mianzi, akatundika picha za Bara Hindi ukutani, akatenga chumba cha kuvutia buruma. Waliokula walisifu. Ila waliokula walikuwa wachache, na gharama zilikuwa nyingi. Mwaka 1812 akafilisika. Mwaka 1813, mtu huyu aliyekuwa subedari, mwandishi wa kitabu na mwenye mkahawa, alitia tangazo gazetini kutafuta kazi ya utumishi wa nyumbani. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Wazee wetu walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wengine huishia hapo kweli. Huyu alifika ukingoni akaona bahari.

BRIGHTON

Brighton ni mji wa pwani ya kusini ya Uingereza. Siku zile ulikuwa umeanza kupendwa na wakubwa kwa ajili ya hewa na maji ya chumvi yaliyosadikiwa kuwa ni dawa, na mtoto wa mfalme alikuwa na kasri yake huko. Din Muhammad alihamia mwaka 1814 pamoja na Jane. Alianza kwa kazi ya bafuni na kwa kuuza dawa ya meno na rangi ya nywele ya Kihindi, kisha akaanza kuwafukiza na kuwakanda wagonjwa. Matabibu wa mji walimcheka. Walimwona ni mganga wa kienyeji aliyepotea njia. Yeye akajibu kwa njia moja tu, ambayo ndiyo jawabu ya fundi popote alipo: akaonyesha kazi.

Tiba yenyewe ilikuwa hivi. Mgonjwa aliingizwa katika mvuke wa maji ya moto yaliyotiwa majani na mafuta ya kunukia, akakaa humo mpaka jasho likamtiririka. Kisha akawekwa ndani ya hema dogo la kitambaa cha sufu lililokuwa na mikono kama ya kanzu. Mkandaji alisimama nje ya hema, akaitia mikono yake katika mikono hiyo ya kitambaa, akamkanda mgonjwa bila ya kumwona. Hivyo stara ilihifadhika, na joto halikutoka. Wanawake walikuwa na sehemu yao, na Jane ndiye aliyeisimamia.

Msomaji wa pwani atakuwa amekwisha kutabasamu. Kwani hiyo si nyungu yetu? Nani miongoni mwetu hakufunikwa blanketi utotoni, akafukizwa kwa chungu cha mrehani na mkaratusi mpaka homa ikamtoka kwa jasho? Na mzazi katika arobaini yake hakandwi kwa maji ya moto, asubuhi na jioni, na mkunga aliyekula chumvi nyingi? Na biharusi hasingwi kwa liwa na mafuta na somo wake? Kule Unguja zimo hadi leo hamamu za kifalme. Hamamu ya Kidichi ilijengwa mwaka 1850 na Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na ile ya Hamamni ndani ya Mji Mkongwe ilijengwa katika utawala wa mwanawe Seyyid Barghash, aliyeshika nchi kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Hata tukirudi nyuma zaidi, tabibu mkuu Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 na kufariki mwaka 1037, aliweka katika kitabu chake cha Qanuni maelezo ya aina za kukanda: kwamba kukanda kwa nguvu hukaza mwili, kwa ulaini huulegeza, kwingi huupunguza, na kwa wastani huujenga. Akaeleza pia kukanda kabla ya mazoezi ili kuyatayarisha maungo, na kukanda baada yake ili kuyaondolea uchovu. Basi Din Muhammad hakubuni. Alichukua kitu cha bibi zetu na cha vitabu vya wazee wetu, akakipeleka mahali palipokuwa hapana.

Wagonjwa wakaanza kupona, au kupata nafuu, na kila aliyepata nafuu akamleta mwengine. Walioingia kwa magongo wakatoka bila ya magongo, wakayaacha, naye akayatundika ukutani yaonekane. Ikawa ni tangazo lisilohitaji mtu wa kulisoma. Mwaka 1820 alichapisha kijitabu cha habari za waliopona, na mwaka 1822 akatoa kitabu kizima juu ya kukanda na bafu la mvuke, ambacho kilichapishwa tena na tena. Mwaka 1821 akafungua jumba kubwa lililotazama bahari, na kwenye ukuta wake likaandikwa jina la Mahomed. Mahospitali yakawa yanampelekea wagonjwa. Mfalme George wa Nne, aliyetawala kuanzia mwaka 1820 hadi 1830, akamfanya mkandaji wake rasmi, na nduguye William wa Nne aliyemrithi akamthibitisha katika cheo hicho hadi kufa kwake mwaka 1837. Mtoto yatima wa Patna akawa anaingia kasri ya mfalme kwa mavazi ya joho la Kihindi, na mwili ambao hapana raia aliyethubutu kuugusa, yeye aliukanda kama unga wa chapati.

Mfalme George, wasomaji, alikuwa mtu mnene mwenye maradhi ya jongo. Taji halimzuii mtu kuumwa magoti. Fundo la msuli wa mfalme na fundo la msuli wa mchukuzi wa Kipsongo ni fundo moja, nalo halisikii amri. Husikia joto, mafuta na subira.

UKWELI NA UONGO

Inapasa sasa kusema na upande wa pili. Katika vitabu vyake vya uzeeni Din Muhammad alijizidishia umri kwa miaka kumi, akasema alizaliwa mwaka 1749, na miaka hiyo ya ziada akaijaza kwa kudai kuwa alisomea utabibu. Haikuwa kweli. Alikuwa askari, si tabibu wa kusomea. Alidai aidha kwamba tiba yake huponyesha maradhi mengi: pumu, baridi yabisi, kupooza, kupotewa na sauti, na mengine.

Tumwelewe bila ya kumwosha. Mtu mweusi wa rangi, mgeni katika nchi ya watu, aliyezungukwa na matabibu wenye shahada, aliona kwamba mikono yake peke yake haitoshi kuaminiwa. Akaiongezea karatasi. Si yeye wa kwanza wala wa mwisho. Lakini uongo huo ulimkosesha jambo moja, nalo ni kwamba hakutuachia habari ya kweli ya nani aliyemfundisha kukanda. Huenda ni kinyozi wa kambini, huenda ni mtumishi wa nyumba ya Nawabu, huenda ni mama yake. Huko kwao kazi hiyo ilikuwa ya vinyozi na watumishi, na mtu aliyetaka kusimama mbele ya wafalme hakuweza kuwataja walimu wa namna hiyo. Akawafuta, akaweka chuo mahali pao. Hilo ndilo kosa lake ambalo mimi, kwa upande wangu, laniuma zaidi ya kuzidisha miaka.

Na kuhusu tiba yenyewe, haifai kuidharau wala kuitukuza kupita kiasi. Matabibu wa leo wanakubali kwamba kukanda hulegeza misuli iliyokaza, hupunguza maumivu ya mgongo, shingo na mabega kwa muda, humtuliza mtu na kumletea usingizi. Joto hupanua mishipa ya damu, na msuli uliopata joto hukubali mkono. Lakini kukanda hakuungi mfupa uliovunjika, wala hakuponyi pumu, wala hakurudishi kiungo kilichopooza peke yake. Na ziko hali ambazo mkono wa mkandaji ni hatari: mguu uliovimba ghafula na kuuma upande mmoja, kwani huenda damu imeganda ndani, mahali palipovunjika, jeraha bichi, uvimbe usiojulikana, na mtu mwenye homa kali. Mkandaji mwema huanza kwa kuuliza, na akikuta jambo hilo hukunja mikono akampeleka mgonjwa hospitali. Mzee wa Kipsongo aliniuliza maswali matatu kabla ya kunigusa.

MAJI YALIPOKUPWA

Mwaka 1837 Malkia Victoria alirithi kiti, naye hakuipenda Brighton. Wakubwa wakaufuata upepo. Mabafu mengine yakafunguliwa, wengine wakaiga tiba ile ile, na mwaka 1841, baada ya kufariki mshirika wake aliyekuwa na mali ndani ya jumba lile, jengo likapigwa mnada. Din Muhammad, mwenye jina ukutani, hakuwa na fedha za kulinunua. Akiwa mzee wa miaka themanini na zaidi alihamia nyumba ndogo akaendelea na kazi kwa kadiri ya uwezo wake.

Alifariki tarehe 24 Februari mwaka 1851, akiwa na umri wa miaka tisini na moja au mbili kwa hesabu ya kweli, na akazikwa kwenye makaburi ya kanisa la Mtakatifu Nicholas huko huko Brighton. Jane alikuwa ametangulia muda mfupi kabla. Mji uliompigia magoti ulikuwa umekwisha kumsahau. Katika siku zile zile, huku kwetu, chokaa ya hamamu ya Kidichi ilikuwa ingali mbichi.

Kizazi chake hakikupotea. Mjukuu wake mmoja, Frederick Akbar Mahomed, alisomea utabibu wa kweli katika hospitali ya Guy's huko London, na akawa miongoni mwa wa mwanzo kabisa kuonyesha kwamba mtu aweza kuwa na shinikizo kubwa la damu bila ya kuwa na maradhi ya figo. Alifariki mwaka 1884 akiwa kijana wa miaka thelathini na tano. Shahada aliyoidai babu kwa uongo, mjukuu aliipata kwa haki. Na jina la Akbar na la Mahomed likawa kwenye karatasi za matabibu wa Kiingereza.

Kasri ile ya mfalme huko Brighton, yenye makuba ya Kihindi, iligeuzwa hospitali katika vita vya kwanza vya dunia, kuanzia mwaka 1914, wakalazwa humo askari wa Bara Hindi waliojeruhiwa Ufaransa. Waislamu walikuwamo wengi, wakawekewa jiko lao na mahali pao pa kusalia. Adhana ikafika pale ambapo Din Muhammad alikuwa akipita na mafuta yake. Na mwaka 2005, mahali ulipokuwa mkahawa wake uliomfilisi, mji wa London ulibandika kibao cha kumkumbuka.

Sasa, wasomaji watukufu, tujiulize. Mtu huyu alikumbukwa kwa sababu alimkanda mfalme. Je, kama angebaki Patna akawakanda wachukuzi wa mto Ganges, nani angemjua? Huku kwetu, kutoka Lamu hadi Vanga, na Unguja na Pemba, wako kina mama waliowakanda wazazi mia kwa mia, wakawanyosha watoto viungo, wakawasinga maharusi, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja juu yao. Wakifa hufa na vidole vyao. Binti zao wamekwenda mjini, na huko mjini mtalii hutoa fedha nyingi hotelini ili akandwe kwa jina la kigeni na mtu aliyejifunza kitabuni kile ambacho bibi yake alikuwa akikifanya barazani bure.

Kwa hiyo nina ombi moja. Aliye na bibi au mama mwenye ilmu hiyo, na aende akakae naye akiwa bado hai. Amuulize kila fundo na dawa yake, mafuta gani na majani gani, wapi pa kubinya na wapi pa kuacha, na zaidi ya yote amuulize nani aliyemfundisha, na huyo naye alifundishwa na nani. Aandike majina. Din Muhammad aliwaficha walimu wake, nasi hatuna udhuru wa kuwaficha wetu.

Siku ya kurejea Mombasa nilipita tena Kipsongo. Mzee yule alikuwa kazini, na mbele yake wachukuzi wawili wamekaa wakingoja zamu, mabega yamewainama. Nikamuuliza tena lile swali la siku ya kwanza. Safari hii alikuwa na jawabu, kwani alilala nalo. Alinitajia jina la mama wa mama yake, aliyekuwa akiwakanda wachungaji waliotoka malishoni mbali. Nimeliandika katika daftari langu. Sikulitia hapa kwa kuwa ni amana ya wenyewe, lakini limeandikwa.